“Atafanyaje kazi na haoni?” Tunayoyaamini vibaya kuhusu ajira za wasioona

“Asiyeona yuko gizani, basi.”
Wengi wanaoitwa wasioona bado wana uoni kidogo: mwanga, vivuli, au herufi zikikuzwa. Hata miongoni mwa viziwi wasioona, wasioona wala kusikia chochote ni wachache. Wapo waliozaliwa viziwi, wakakua na lugha ya alama, kisha macho yakafifia polepole kwa sababu ya sindromu ya Usher, hali ya kurithi inayodhoofisha kusikia na kuona. Mtu kama huyo, ikiwa alikuwa fundi, ufundi bado anao. Anachohitaji ni kujifunza kuufanya kwa mikono pale alipotegemea macho. Mwajiri asipomuuliza anaona nini na anasikia nini, atanunua vifaa vya bei ghali ambavyo havitaguswa.

“Kompyuta haimfai.”
Visoma skrini, yaani programu zinazotamka yaliyo kwenye skrini, vipo vya kutosha, na kimojawapo, NVDA, hutolewa bure tangu mwaka 2006. Kiziwi asiyeona hutumia kifaa cha breli, maandishi ya nukta za kupapasa, ambacho vipini vyake vidogo huinuka na kushuka chini ya vidole kadiri maandishi yanavyobadilika. Tatizo kubwa mara nyingi liko kwenye mfumo wa ofisi: aliyeutengeneza hakuvipa vitufe majina, basi kisoma skrini husema “kitufe, kitufe, kitufe” hadi mtu akate tamaa. Hapo umfundishe mwaka mzima, hutamsaidia. Mwite aliyetengeneza mfumo.

“Kiwandani atakatwa vidole.”
Hii ndiyo hofu ninayokutana nayo zaidi, na ndiyo inayofunga milango mingi. Jijini Seattle, Marekani, shirika la Lighthouse for the Blind, lililoanzishwa mwaka 1918, lina wafanyakazi wasioona na viziwi wasioona wanaoendesha mashine za kutengeneza vipuri vya ndege za Boeing. Kazi ya namna hiyo huwezekana kwa vipimo vinavyotamka namba, alama za kupapasa, vizuizi vinavyofanya mkono usifike kwenye kisu, na king’ora kinachotetemeka mwilini kwa asiyesikia. Mashine ambayo usalama wake wote unategemea jicho la mwendeshaji ni mbovu hata kwa mwenye macho. Naye husinzia, hugeuka kuzungumza. Ila yeye akiumia tunasema ni ajali. Akiumia asiyeona tunasema, “Si tuliwaambia?”

“Kazi zao zinajulikana.”
Kusuka vikapu, kupokea simu. Geerat Vermeij, aliyepoteza uoni akiwa mtoto mdogo, ni mtaalamu wa makombe ya konokono wa baharini. Huyachunguza kwa vidole, hadi makovu yaliyoachwa na kaa waliojaribu kuyavunja. Satoshi Fukushima, kiziwi asiyeona, alikuwa profesa Chuo Kikuu cha Tokyo. Wakalimani humgusa vidole kana kwamba ni vitufe vya mashine ya breli, naye hufuata mazungumzo.

Mifano hii ina ubaya wake, nikiri. Mwajiri akishaisikia hungoja gwiji, na karani wa kawaida asiyeona anabaki nyumbani. Karani wa kawaida mwenye macho haombwi awe gwiji.

“Asome kwanza, kazi itakuja.”
Kuna watu wana vyeti vinne vya mafunzo na hawajawahi kupokea mshahara. Mafunzo hushika yakifanyika penye kazi yenyewe, mkufunzi akiwa pembeni: njia kutoka mlangoni hadi mezani kwa fimbo nyeupe, choo kiko wapi, nani anaketi wapi.

“Ni msaada tu, alipwe kidogo.”
Marekani iliwahi kuliandika hili katika sheria ya kazi ya mwaka 1938, iliyoruhusu baadhi ya wenye ulemavu walipwe chini ya kima cha chini. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, wa mwaka 2006, unasema vingine: malipo sawa kwa kazi ya thamani sawa, na kukataa marekebisho yanayofaa ni ubaguzi.

“Wenzake kazini hawatajua la kufanya.”
Hujifunza haraka. Mguse bega, jitambulishe, mwandikie herufi kiganjani kama hamna lugha nyingine. Wanalosahau zaidi ni kuaga. Mtu huondoka kimya, na kiziwi asiyeona anaendelea kukizungumzisha kiti kitupu.