Kabla ya kukubali kupunguzwa midomo ya uke

Wanawake wengi wanaofika kliniki ya magonjwa ya wanawake kuulizia upasuaji wa kupunguza midomo midogo ya uke hawaanzi na bei wala tarehe. Hushusha sauti, huangalia mlango kama umefungwa, kisha huuliza: "Daktari, mimi niko sawa kweli?" Swali hilo lijibiwe kwanza, na lijibiwe kwa uchunguzi, si kwa maneno ya mdomoni.

Midomo midogo ni zile kunjo mbili za ngozi laini zilizo kati ya midomo mikubwa. Hukinga tundu la mkojo na mlango wa uke, hutunza unyevu, na ina mishipa mingi ya fahamu na ya damu, ndiyo maana hujaa na kuwa nyepesi kuhisi mwanamke anaposisimka. Mwaka 2005 madaktari wa London walichapisha vipimo vya wanawake 50 waliokuwa wanatibiwa mambo mengine. Upana wa midomo midogo ulianzia milimita 7 hadi milimita 50, na wote hao walihesabiwa kuwa wa kawaida. Upande mmoja kuwa mrefu kuliko mwenzake, kuchomoza nje ya midomo mikubwa, kuwa na rangi nyeusi kuliko mapaja, kingo kujikunja: hakuna ugonjwa hapo. Tena maumbile hayo hubadilika, wakati wa balehe, wakati wa ujauzito, na tena hedhi inapokoma.

Hapa Uganda jambo hili lina uzito wake. Kwa Baganda, watu wa Buganda, na baadhi ya jamii za magharibi mwa nchi, ssenga, yaani shangazi, humfundisha binti kuvuta midomo hiyo irefuke kabla hajavunja ungo, na mwanamke asiyevuta huweza kusimangwa ukweni. Halafu binti huyohuyo anakua, anaolewa na mtu wa jamii nyingine, au anaona kwenye simu picha zilizosafishwa kwa kompyuta, na kile alichofundishwa kuwa fahari kinageuka aibu. Huyu anamwambia vuta, yule anamwambia kata, na kati yao hakuna aliyemuuliza kama anaumwa. Mimi naona hapo ndipo mazungumzo yanapopaswa kuanzia. Kama mume au mchumba asingesema neno juu ya umbo lako, je, ungekuwa unatafuta upasuaji? Mtu akijibu "la", anachohitaji kwanza ni mshauri nasaha, pengine akiwa na huyo mwenzake. Kisu hakitatibu maneno.

Wapo wanaoumia kweli. Ngozi inasuguliwa na nguo ya ndani mpaka inachubuka, inavutwa ndani wakati wa tendo la ndoa, au inauma kwa anayeendesha baiskeli kila siku kwenda sokoni. Hao hawapaswi kuambiwa wavumilie. Lakini hata kwao, daktari mwangalifu atatafuta kwanza chanzo kingine. Fangasi huwasha na kuvimbisha. Sabuni za manukato, dawa za kienyeji za kuosha uke na kunyoa mara kwa mara huchoma ngozi hiyo. Kuna pia ugonjwa wa ngozi uitwao laikeni sklerosasi, unaoleta mabaka meupe na mwasho mkali hasa usiku, na huo hutibiwa kwa dawa ya kupaka. Mwanamke akikatwa kabla ugonjwa huo haujatambuliwa, matatizo huongezeka. Nimeona maumivu ya miaka yakiisha kwa mambo madogo sana: kuosha kwa maji matupu, kuvaa chupi ya pamba isiyobana, kupaka mafuta mazito yasiyo na harufu kabla ya mazoezi, na kutumia kilainishi wakati wa tendo.

Sasa sheria, ambayo matangazo ya mitandaoni huwa hayaitaji. Uganda ilipitisha Sheria ya Kukataza Ukeketaji mwaka 2010, ili kuwakinga hasa mabinti wa Wasabiny wa Kapchorwa, Kween na Bukwo, na Wapokot wa Amudat. Lakini maneno yake ni mapana. Inasema ukeketaji ni kuondoa sehemu au viungo vyote vya nje vya uzazi vya mwanamke kwa sababu isiyo ya matibabu. Ridhaa ya mwanamke si utetezi mahakamani, na mhudumu wa afya akitenda kosa hilo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Kwa hiyo, upasuaji unaofanywa kwa ajili ya sura tu, mwanamke hana maumivu wala kasoro, unaingia mahali pa hatari kisheria, hata ukifanyika kwenye chumba cha upasuaji kinachong'aa. Daktari makini atakueleza hili bila wewe kuuliza. Ataandika kwenye faili lako unaumwa nini, tangu lini, ni tiba gani zimejaribiwa zikashindikana, na kwa nini upasuaji unahitajika. Anayekuambia "hilo jambo dogo, njoo kesho na pesa" anakuweka hatarini pamoja naye.

Kwa binti aliye chini ya miaka 18 jibu langu ni hapana, isipokuwa kuna kasoro ya kuzaliwa au ugonjwa uliothibitishwa. Mwili bado unakua, na upande uliotangulia kurefuka mara nyingi hufikiwa na mwenzake.

Ukiwa na sababu ya kitabibu, chagua mikono. Kazi hii ni ya daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake au wa upasuaji wa urekebishaji. Kila daktari nchini lazima awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Uganda na ahuishe leseni yake kila mwaka. Waulize Baraza kama jina lake limo na kama ubingwa wake unatambuliwa. Mabingwa wa urekebishaji wapo katika hospitali ya rufaa ya Kiruddu jijini Kampala na katika hospitali ya CoRSU pale Kisubi, barabara ya Entebbe, na kwa upande wa wanawake ipo hospitali maalumu ya Mulago. Saluni na vyumba vya urembo visivyo na mtaalamu wa ganzi si mahali pa kukatwa. Muulize daktari amefanya upasuaji huu mara ngapi, atakata kwa njia gani, na mshono ukiachia usiku wa manane nani atapokea simu yako. Bei nayo uiulize yote: vipimo, ganzi, dawa, marudio, na nani atalipa ikibidi kushonwa upya.

Njia zinazotumika zaidi ni mbili. Ya kwanza hukata ukingo wa mdomo kwa urefu wake na kushona. Ya pili huondoa kipande chenye umbo la V katikati na kuunganisha pande mbili, hivyo ukingo wa asili unabaki, ila mshono una uwezekano mkubwa zaidi wa kuachia. Zote hufanywa kwa ganzi ya mahali au nusukaputi. Hatari zake ni kutoka damu, damu kuganda ndani na kuvimbisha, usaha, kovu linalouma, hisia kupungua au kuzidi, maumivu wakati wa tendo la ndoa. Inayonihuzunisha zaidi ni kukatwa kupita kiasi, kwa kuwa nyama iliyotupwa hairudi na urekebishaji wake ni mgumu. Mwaka 2020 chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani kilitamka kwamba usalama na ufanisi wa upasuaji wa urembo wa uke haujathibitishwa. Wapo wanawake wanaoridhika, ila asiwepo wa kukuahidi raha ya tendo la ndoa.

Kabla ya siku hiyo, pima ujauzito, wingi wa damu, sukari, VVU na siko seli. Ukiwa na VVU hujazuiwa, mradi unatumia dawa vizuri na kinga iko juu. Taja kila unachomeza, hata mitishamba na aspirini, kwa kuwa baadhi huzuia damu kuganda. Mvutaji wa sigara aache angalau wiki 4 kabla, maana moshi huchelewesha kidonda kupona. Tarehe isiangukie siku za hedhi.

Siku mbili tatu za mwanzo eneo huvimba na kubadilika rangi kiasi cha kutisha, nawe ukidhani kazi imeharibika. Lala umeinua nyonga kwa mto, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa safi kwa dakika chache kila mara, isiguse ngozi moja kwa moja. Kukojoa kutawasha, mwaga maji ya uvuguvugu taratibu ukiwa unakojoa, kisha kausha kwa kugusagusa, usisugue. Kurudi nyumbani panga gari. Boda boda kwenye mashimo ya Kampala, ukiwa umekaa juu ya mshono mbichi, inaweza kuufungua kabla hujafika kwako. Nyuzi huyeyuka zenyewe kwa wiki kadhaa. Tendo la ndoa, tamponi, baiskeli na kubeba mizigo vingoje wiki 6 na ruhusa ya daktari, na mwenzako ayasikie haya kabla ya upasuaji, asije akayasikia baadaye kama kisingizio. Uvimbe wa mwisho unaweza kuchukua miezi kuisha, kwa hiyo usihukumu umbo mapema.

Damu ikilowesha pedi ndani ya saa moja, upande mmoja ukivimba ghafla kwa maumivu makali, ukipata homa, ukitoka usaha wenye harufu au ukishindwa kukojoa, nenda hospitali iliyo karibu usiku huohuo, hata kama si pale ulipofanyiwa. Waeleze waziwazi ulichofanyiwa na lini, kwa kuwa mhudumu asiyeambiwa atapoteza muda akitafuta sababu nyingine ya damu hiyo.