Jua linawaka Kilindoni, bahari ina habari nyingine

Mtu wa Mafia akipanga wiki yake, swali la kwanza ni bahari itakuwaje. Kati ya Kilindoni, mji wetu hapa kisiwani, na Nyamisati kule bara hakuna njia nyingine ya kukwepea. Ndiyo maana naumia nikiona utabiri wa siku saba unavyozungushwa kwenye simu, halafu unasomwa ndivyo sivyo.

“Kweupe, jua kali, twendeni.” Hii ndiyo dhana inayonitisha kuliko zote. Mvua peke yake si adui mkubwa wa chombo. Adui ni upepo na mawimbi. Na upepo wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, huvuma siku kadhaa mfululizo chini ya anga jeupe lisilo na wingu la maana. Asubuhi unaweza kukuta maji ya pwani yametulia, watoto wanaokota chaza kwenye maji yaliyokupwa. Saa nane mchana upepo umekolea na huko kwenye mkondo vilele vyeupe vya mawimbi vimejaa. MV Skagit ilizama tarehe 18 Julai 2012 karibu na Chumbe, ikitoka Dar es Salaam kwenda Zanzibar, katika msimu huohuo wa kusi na bahari ikiwa imechafuka. Kwa hiyo ukifungua utabiri, picha ya jua au wingu iache kwanza. Tafuta upepo.

Halafu kuna wanaosema, “mawimbi ya mita 2 tumeyazoea.” Katika utabiri wa bahari, kimo cha mawimbi kwa kawaida ni wastani wa theluthi moja ya yale makubwa zaidi. Maana yake, ukisoma mita 2, mara mojamoja litakuja wimbi linalokaribia mita 4, na hilo moja linatosha kujaza maji mtumbwi. Hali huwa mbaya zaidi maji yanapokwenda kule upepo unakotoka: mawimbi hufupika, husimama wima, huvunjika. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, mkondo una nguvu zaidi, basi upepo uleule uliouvuka juzi wakati wa maji mafu leo ni kitu kingine kabisa. Nahodha mzuri huweka utabiri na majira ya maji kujaa na kupwa pamoja.

“Walisema mvua, kwangu halikudondoka tone.” Soma tena: Mamlaka ya Hali ya Hewa huandika “maeneo machache” au “baadhi ya maeneo”, na hawakuandika hivyo kwa kupamba. Mvua ya pwani inaweza kulowesha Utende na kuiacha Kilindoni kavu.

Kuhusu vimbunga, wazee wengi wametulea tukiamini ni mambo ya Msumbiji na Bukini (Madagaska). Ni kweli kwamba karibu sana na ikweta vimbunga ni nadra, kwa sababu nguvu ya mzunguko wa dunia inayovizungusha ni dhaifu huko. Lakini Mafia iko karibu nyuzi 8 kusini, na nadra haina maana ya haiwezekani. Aprili 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu ya Unguja. Aprili 1952 kingine kikapiga Lindi. Na tarehe 4 Mei 2024, Hidaya ilifika hapahapa Mafia. Tazama miezi hiyo: masika, wakati ambao tumezoea kusema “ni mvua tu”.

La mwisho ni kuiamini siku ya saba sawa na kesho. Siku mbili tatu za mwanzo unaweza kupangia safari. Zinazofuata zinakuonyesha mwelekeo tu, kwamba upepo unaongezeka au unapungua. Utabiri wa Jumatatu ukisema Jumapili ni shwari, usiukatie tiketi. Subiri ule wa Jumamosi jioni.