Faida ya ujirani: maana yake katika michezo ya kujenga miji

Faida ya ujirani ni ziada ambayo mtaa wa mji huipata kutokana na kile kilichopakana nao. Mtaa wa elimu ukiwekwa chini ya mlima hutoa maarifa zaidi kuliko mtaa huo huo ukiwekwa katikati ya tambarare tupu, ingawa gharama ya kuujenga ni moja. Mchezaji hakulipa kitu kwa ziada ile. Ameipata kwa kuchagua pahala.

Dhana hii ni ya michezo ya mikakati inayochezwa kwa zamu, ile ambayo unafikiri, unacheza, kisha unamwachia mwenzako naye acheze, kama bao. Maarufu zaidi ni Civilization, mfululizo ulioanzishwa na Sid Meier mwaka 1991. Kwa miaka mingi mji katika mchezo huo ulikuwa doa moja tu kwenye ramani. Maktaba, soko, hekalu, vyote vilirundikwa ndani ya doa hilo, na mji wenye majengo thelathini ulikalia nafasi ile ile ya mji wenye majengo matatu. Toleo la tano, la mwaka 2010, lilileta ramani ya vipande vyenye pembe sita, lakini majengo yakabaki yamerundikwa. Mwaka 2014 mchezo wa Endless Legend ukaanza kuutandaza mji: mtaa uliozungukwa na mitaa mingine minne hupanda daraja. Toleo la sita la Civilization, lililotoka Oktoba 2016, ndilo lililoifanya dhana hii kuwa moyo wa ujenzi. Kila mtaa sasa unachukua kipande chake cha ardhi, na kila kipande kina majirani sita.

Hesabu yenyewe katika toleo hilo haina ugumu. Mtaa wa elimu hupata 1 ya maarifa kwa kila mlima uliopakana nao. Mtaa wa biashara hupata dhahabu 2 ukiwa kando ya mto, na 2 nyengine ukipakana na bandari. Bandari hupata 2 ikigusa katikati ya mji, na 1 kwa kila rasilimali ya baharini iliyo jirani, kama samaki au lulu. Juu ya hayo, kila mitaa miwili iliyopakana na mtaa wako huongeza 1. Jirani mmoja peke yake hatoshi kwa hesabu hiyo, wala nusu haihesabiwi. Hapo ndipo wengi wanapopoteza bila kujua: wanaitawanya mitaa kila upande wa mji kwa kutaka mji uonekane mkubwa, na kila mtaa unabaki na jirani mmoja.

Kwa sisi watu wa pwani kuna mpangilio mmoja unaostahili kujulikana kabla ya mengine yote. Ni pembetatu ya katikati ya mji, bandari na mtaa wa biashara, vitatu hivi vikigusana. Tuufanye mji wetu wa Zanzibar kuwa mfano. Katikati ya mji tuiweke Mji Mkongwe, bandari iwe Malindi, na mtaa wa biashara ukae baina yao ukivigusa vyote viwili. Bandari inapata 2 kwa kupakana na katikati ya mji, na 1 kwa kuwa na mitaa miwili jirani (katikati ya mji nayo ni mtaa kwa hesabu ya ujirani), jumla 3. Mtaa wa biashara unapata 2 kwa kupakana na bandari, na 1 kwa ile mitaa miwili, jumla 3. Ukipita mto hapo inakuwa 5. Dhahabu 6 kwa kila zamu, na hujajenga soko wala hujaajiri mtu. Halafu zipo kadi za sera, yaani maamuzi ya serikali yako, za kuongeza ziada hiyo mara mbili, moja ya bandari na nyengine ya mtaa wa biashara, kwa hivyo mji uliopangwa vizuri hufaidika na kadi hizo na mji uliopangwa ovyo huambulia kidogo sana. Sifuri mara mbili ni sifuri.

Kuna jengo jengine la bandarini ambalo wachezaji wengi hulipita bila kulitazama, nalo ni karakana ya meli. Karakana hii huupa mji uzalishaji sawa na ziada ya ujirani ya bandari yake. Mji wa pwani kwa kawaida unalia shida ya uzalishaji, maana nusu ya vipande vyake ni maji na haviwezi kuchimbwa migodi. Bandari iliyowekwa pahala pake ndiyo dawa ya ugonjwa huo, na kwangu mimi hiyo ni sababu kubwa ya kuiweka bandari kuliko hata dhahabu yenyewe.

Mchezaji wa kisiwani anaweza kuuliza: na elimu je, sisi tusio na milima? Unguja na Pemba ni visiwa vya vilima na mabonde, na ramani za visiwa ndani ya mchezo mara nyingi huwa hivyo hivyo. Jibu lilikuja na nyongeza ya Gathering Storm, Februari 2019. Tangu hapo mwamba wa matumbawe uliopakana na mtaa wa elimu huupa 2 za maarifa, yaani mara mbili ya mlima. Ufukwe wenye matumbawe mawili mbele yake unatoa 4. Ukiona alama ya matumbawe karibu na nchi kavu, usikimbilie kuweka kitu chengine hapo kabla ya kuhesabu.

Yote haya yana masharti. Idadi ya mitaa maalumu hufuata idadi ya wakaazi: mmoja kwa mji mchanga, wa pili ukifika wakaazi 4, wa tatu 7, wa nne 10. Katikati ya mji haihesabiwi kwenye kikomo hiki, kwa hivyo pembetatu yetu inahitaji wakaazi 4. Na wakaazi wanahitaji makazi, na makazi yanategemea maji ya kunywa. Mji ulio kando ya mto huanza na makazi 5, wa pwani usio na mto 3, na usio na chochote 2. Mji wa pwani hukwama mapema sana kwa sababu hii, ukiwa na bandari nzuri na hauna watu wa kuijazia. Ghala ya nafaka husaidia kidogo, lakini dawa ya kudumu ni mfereji wa maji, unaoufikisha mji kama huo makazi 6. Sultan Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, alikuwa na tatizo hilo hilo, akaleta maji safi mjini kutoka chemchemi za nje ya mji. Mfereji katika mchezo hauhesabiwi kwenye kikomo cha mitaa, na unaupa mtaa wa viwanda uliopakana nao 2 za uzalishaji. Kwa maoni yangu hakuna ujenzi wenye faida nyingi kwa bei ndogo kama huo.

Mtaa ukishawekwa hauondolewi. Ndiyo maana wachezaji wazuri huweka alama kwenye ramani mapema, wakati mji bado una mkaazi mmoja: hapa bandari, hapa biashara, hapa tuache wazi. Bei ya mtaa nayo hupanda kila unapogundua teknolojia mpya, lakini ukishauweka msingi wake, bei inabaki ile ya siku hiyo hata ukiumalizia zamu nyingi baadaye. Weka msingi, endelea na mengine.

Ile nafasi iliyoachwa wazi aghlabu ni ya jengo la maajabu. Majengo haya nayo yanafuata ujirani, khasa kwa masharti yake. Great Zimbabwe inataka mtaa wa biashara wenye soko upande mmoja na ng'ombe upande mwengine. Mnara wa taa wa Alexandria unataka bandari yenye mnara wa kawaida wa taa. Na likishasimama, jengo la maajabu huupa mtaa wa sanaa uliopakana nalo 2 za utamaduni. Mtu aliyewahi kukaa Forodhani akaitazama Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883 ikikabili bahari, ataelewa haraka kwa nini jengo moja kubwa huipandisha thamani kila nafasi iliyo pembeni yake.

Zanzibar yenyewe imo ndani ya toleo la sita, kama dola-mji ya biashara, yaani mji mmoja huru usioshikwa na mchezaji yeyote. Atakayekuwa mlezi wake, yaani mchezaji aliyeutumia wajumbe wengi kuliko wenzake, hupewa karafuu na mdalasini, mazao mawili yasiyopatikana kwa njia nyengine yoyote ndani ya mchezo, na kila moja linatosheleza starehe 6 pahala pa 4 za anasa za kawaida. Starehe ndizo zinazouzuia mji mkubwa usinung'unike. Kilwa Kisiwani nayo imo, kama jengo la maajabu linalosimama kwenye tambarare ya ufukweni, na anayeimaliza hupewa wajumbe 3 papo hapo. Wajumbe 3 ndio kiwango cha chini cha kuwania ulezi wa dola-mji yoyote. Mjenzi wa pwani aliyeacha kipande kimoja cha ufukwe wazi kwa ajili ya Kilwa anaweza kuwatuma wote watatu Zanzibar zamu hiyo hiyo, na kama hakuna mpinzani aliyetangulia na wajumbe wengi zaidi, karafuu ni yake.