Je, wajua kwa nini mtu unayemjua juu juu ndo anakupa mchongo wa kazi kuliko mshikaji wako wa kila siku?

Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha utafiti alioufanya Newton, Massachusetts, aliwauliza watu waliopata kazi mpya kupitia mtu wanaemjua, huyo mtu mlikuwa mnaonana mara ngapi? Waliosema angalau mara mbili kwa wiki walikuwa asilimia 16.7 tu. Asilimia 55.6 ni watu wa kuonana mara moja moja, na 27.8 ni wa mara moja kwa mwaka au chini ya hapo. Na mwaka 2022 watafiti wakapitia data za watu zaidi ya milioni 20 wa LinkedIn, ule mtandao wa mambo ya kazi, wakakuta wanaosaidia zaidi ni hao hao wa mbali kidogo, sio watu baki kabisa.

Sababu iko wazi. Mshikaji wako mko kijiwe kimoja, grupu moja la WhatsApp, anachosikia yeye na wewe ushakisikia. Wa mbali anazunguka na watu wengine kabisa.

Sasa ukimpata, tafadhali usimuombe kazi. Wengi hawana mamlaka ya kuajiri, kwa hiyo atakwambia "nikisikia kitu ntakushtua" na habari imeishia hapo. Muombe akueleze kazi yake inavyokwenda. Mimi nilikaa miezi saba natuma sivii bila jibu, alafu nikamkumbuka dada mmoja aliyekuwa mweka hazina kwenye kamati ya harusi ya binamu yangu, nikamwandikia: "Shikamoo dada, tulikuwa wote kamati ya harusi mwaka jana, nimesikia uko idara ya manunuzi, naomba dakika 20 tu unielekeze hiyo kazi ikoje, sijaja kuomba nafasi."

Tukakutana Posta, chai na chapati, mi nina daftari na maswali matatu. Mawili ya kwanza alijibu kwa kifupi tu, la tatu ndo likamfungua: "Mtu mpya akiingia idara yenu, wiki za mwanzo anakwama wapi?" Akaanza kuelezea jinsi LPO (karatasi ya kuagizia mzigo) inasema katoni 40, mzigo unafika 36, na mgeni anasaini tu bila kuhesabu, akaongea mpaka chai yake ikapoa. Dakika 20 zilipofika nikamwambia zimefika (hii muhimu sana, watu wanaogopa kung'ang'aniwa), yeye mwenyewe akasema kaa kwanza.

Kabla ya kuagana nikamuuliza, nani mwingine naweza kuongea nae? Akanipa namba mbili na akanitangulizia meseji. Jioni nikamshukuru. Wengi wanaishia hapo, ila mimi baada ya wiki mbili nilimrudishia mrejesho, dada nimeonana na yule kaka wa Tazara, ameniambia hivi na hivi. Hakukawia, akanitumia namba ya tatu, na huyo wa tatu ndo aliyejua kuna nafasi ambayo ilikuwa haijatangazwa.