Mwanafalsafa wa Sayansi Si Mtu wa Maneno Matupu

Kwenye vijiwe vya kahawa Kariakoo, kikombe kikiwa bado kinafuka mvuke, husikika dai kwamba mwanafalsafa wa sayansi hana faida kwa umma. Dai hilo si kweli. Michael Ruse, mwanafalsafa wa sayansi mzaliwa wa Uingereza aliyefundisha kwa miaka mingi Kanada, alitoa ushahidi mahakamani Arkansas, Marekani, Desemba 1981, akieleza ni nini hasa kinachoifanya sayansi iwe sayansi: kufuata sheria za maumbile, kupimika kwa ushahidi, na kuwa tayari kukosolewa. Januari 1982 Jaji William Overton, akitumia vigezo vya namna hiyo, alibatilisha sheria iliyotaka shule zifundishe “sayansi ya uumbaji”, yaani imani ya uumbaji iliyowasilishwa kama sayansi, sambamba na mageuko ya viumbe. Mwanafalsafa mwenzake Ruse, Larry Laudan, alivipinga vikali vigezo hivyo, na kwangu mabishano hayo ya hadharani ni sehemu ya kazi yenyewe.