Je, ni kweli kelele huporomosha theluji mlimani?

Nilikuwa nikiamini kwamba mtu akipiga ukelele mmoja tu kwenye milima ya Alpi, mteremko mzima wa theluji humshukia. Katuni zilinifunza hivyo. Si kweli. Sauti ya mtu huigusa theluji kwa nguvu ndogo mno, wakati mwili wake juu ya skii, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji, huikandamiza kwa nguvu kubwa mara nyingi zaidi. Baruti inayolipuliwa juu ya theluji huiangusha, na vituo vya skii huitumia makusudi, lakini koo la binadamu si baruti. Imani hii ina madhara, kwa sababu anayetembea kimya hujiona salama. Katika takriban ajali 9 kati ya 10 zinazoua, poromoko huanzishwa na aliyezikwa mwenyewe au mwenzake, kwa uzito tu.

Uzito huo unawezaje kuangusha mlima? Theluji hulala tabaka juu ya tabaka. Ardhi chini yake hukaa karibu nyuzi 0, huku hewa ya juu ikifika hata nyuzi 15 chini ya sifuri. Pale theluji ilipo nyembamba, mvuke hupanda upesi na kuigeuza kuwa chembe kubwa zenye pembe, zisizoshikana. Ukizifumbata kiganjani, humwagika kama sukari. Kisha upepo huleta theluji nyingine na kuikaza juu yake.

Simamisha vipande vya dhumna wima, safu kwa safu, kisha laza ubao juu yake. Vitaubeba vizuri, kama chembe zile zinavyoibeba theluji iliyokazwa. Bonyeza pembe moja: kipande cha kwanza kinalala, cha pili kinafuata, na ubao wote unabaki bila mguu. Mteremko ukiwa wa nyuzi 30 hadi 45, ubao unaondoka na aliyeukanyaga.

Ndiyo maana wapandaji huchimba shimo, wakakata nguzo ya theluji yenye upana wa sentimita 90. Huweka koleo upande mmoja na kuligonga: mara 10 kwa kiganja kinachokunjika kwenye kifundo, 10 kwa mkono unaokunjika kwenye kiwiko, 10 kwa mkono mzima kutoka begani. Ufa ukikimbia hadi mwisho wa nguzo, mteremko ule hauguswi. Usipokimbia, bado si ruhusa, maana hatua 20 mbele theluji yaweza kuwa nyingine kabisa.

Sauti ya kuogopa ipo, ila hutoka chini ya miguu: vumm! nzito, na theluji inatitia kidogo. Hapo dhumna zimeshalala, na anayeisikia hugeuka kutafuta tambarare.