Chumvi si Bahari: Ninayoulizwa Kila Nikifika Dodoma

Safari hii nilijiapiza kwamba sitaulizwa. Nimeshuka treni ya umeme kutoka Dar, wenyeji wa klabu ya matangi ya matumbawe, wanaofuga matumbawe hai majumbani kwenye matangi ya kioo, wamenipokea kwa "Mbukwenyi" na sahani ya zabibu, tumeketi sebuleni kwa mmoja wao huku tangi likinguruma nyuma ya sofa. Sijameza zabibu ya tatu, kijana mmoja akakohoa: "Mtaalamu, samahani. Chumvi ya mawe ya Bagamoyo si imetoka baharini kulekule? Nikiirudisha kwenye maji, si ninapata bahari?"

Hupati. Na kwa kuwa hii ni mara ya nne naulizwa katika mji huu, nitaeleza kwa kirefu. (Nitasema tumbawe anakula, si linakula. Sababu inakuja.)

Kilo moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Asilimia 85 hivi ya hizo ni sodiamu na kloridi, yaani ile chumvi ya mezani. Kilichobaki ni magnesiamu, salfeti, kalsiamu, potasiamu, bikaboneti na vingine vya kuokoteza. Watu wakisikia asilimia 15 wanadhani ni takataka, kumbe tumbawe anaishi kwa hiyo. Polipu, yaani mnyama mmoja mmoja mdogo wa tumbawe, hujenga mifupa yake kwa kalsiamu na kaboneti anazozinyonya majini. Lita moja ya bahari ina miligramu 400 hivi za kalsiamu na karibu 1,300 za magnesiamu, na hiyo magnesiamu ndiyo inayozuia kalsiamu isigande ovyo kwenye pampu na kwenye kioo kabla mwenye kuihitaji hajaipata.

Sasa twende kwenye mashamba ya chumvi pwani. Maji huingizwa kwenye majaruba, jua likafanya kazi. Lakini vilivyomo havigandi kwa mpigo, kila kimoja kina zamu yake. Chokaa hutangulia, ikafuata jasi, na hapo kalsiamu nyingi imekwisha kushuka. Ndipo chumvi ya kula inapoanza kuganda. Maji yanayobaki juu, machungu ya kukunja uso, ndiyo yaliyobeba magnesiamu na potasiamu, na mwenye shamba huyaondoa makusudi kwa sababu yakikaukia humo chumvi yake itakuwa chungu na italoana gunia zima. Kwa hiyo ile kilo unayoinunua Soko la Majengo imepoteza kalsiamu mwanzo wa safari na magnesiamu mwisho wa safari. Kuikoroga kwenye maji ukangoja bahari ni sawa na kuchukua mfupa uliokwisha kuchemshwa, ukautia kwenye sufuria mpya, ukangoja supu ileile.

Halafu wananiambia, "Basi tatizo ni madini joto, tutatafuta isiyotiwa." Jamani, acheni madini joto. Kinachoua ni kile ambacho hakimo.

Kinachoiponza klabu hii ni samaki. Unamtia samaki kwenye maji hayo, anaogelea, anakula, wiki inapita, mwenye tangi anapiga picha. Samaki anavumilia mengi. Tumbawe aliye jirani yake hafungui mikono, anasinyaa pembeni, ngozi inaanza kuachana na mfupa, na lawama inapelekwa kwa taa.

Najua chumvi maalumu ya matangi ni ghali na inasafiri mbali kabla ya kufika hapa. Tangi la lita 200 linakula kilo 7 hivi kulijaza mara moja tu, na bado hujabadilisha maji. Ushauri wangu ni uleule wa mwaka jana: kama fedha haitoshi kulisha tangi kubwa, nunua dogo. Na pimeni kwa rifraktomita, kile kifaa cha kupimia kiasi cha chumvi majini. Kuna mzee humu, simtaji, bado anaonja kwa ulimi.

Kila kikao pia hatakosekana wa Ziwa Singidani. "Kule maji yana chumvi, ni mwendo wa saa chache." Ziwa lile halina mto unaotoka. Maji hupanda kwa mvuke, na yote yaliyokusanywa kutoka kwenye miamba ya Singida yanabaki humo. Ni chumvi, ndiyo, ila mapishi si ya bahari. Waachieni heroe.

"Basi sisi tutumie ya bomba, Dodoma maji yana madini tayari." Chungulieni ndani ya birika zenu. Ule ukoko mweupe ndio madini ya maji ya visima vya Makutupora, na hakuna aliyeyapanga kwa vipimo vya tumbawe. Unaanza na maji matupu yaliyochujwa kwa mtambo wa osmosisi, unaoyapitisha kwenye utando unaozuia madini, ndipo unatia chumvi maalumu.

Hapa ndipo penye kosa ambalo hata wakongwe wa klabu wanalifanya. Maji yakipungua kwenye tangi wanaongeza maji ya chumvi, kwa hoja kwamba kilichopungua kilikuwa cha chumvi. Kilichopanda hewani ni maji peke yake, chumvi haipandi. Tangi la lita 200 likipoteza lita 20, ukajaza kwa maji ya gramu 35, una gramu 38.5 kwa lita. Rudia mara mbili tatu na unamkausha tumbawe akiwa ndani ya maji. Dar kosa hili linakwenda polepole kwa sababu ya unyevu wa hewa. Dodoma, kwa upepo huu mkavu wa kiangazi, linakwenda mbio. Ongezeni maji matupu yaliyochujwa, kidogo kidogo, kila siku.

Upepo huohuo una faida ambayo hamuitumii. Feni ndogo ikipuliza juu ya maji huyapoza vizuri kuliko ingefanya pwani, kwa kuwa hewa kavu hunywa mvuke haraka. Oktoba na Novemba msihangaike na chupa za barafu, wekeni feni na mkumbuke kuongeza maji.

Kuhusu wanaodhani tumbawe ni jiwe. Lawama nyingine ni ya Kiswahili chetu wenyewe, kilichoita tumbawe mnyama aliye hai na jiwe la kujengea nyumba za Unguja. Ni mnyama. Ana mdomo, ana tumbo, ana mikono yenye sumu ya kuwindia. Ndani ya ngozi yake wanaishi vijimwani wadogo wasioonekana kwa macho, wanaotengeneza chakula kwa mwanga na kumpa mwenyeji wao sehemu kubwa ya mahitaji yake. Basi ni anakula.

Akipauka, amekufa? Bado. Weupe ule ni mfupa unaoonekana kupitia ngozi baada ya vijimwani kuondoka. Ana njaa, lakini mazingira yakirekebishwa mapema anaweza kuwapata tena. Baharini, joto likizidi kilele cha kawaida cha msimu wa joto kwa nyuzi moja tu, likadumu wiki kadhaa, unatokea mpauko kama ule ulioikumba pwani yetu mwaka 1998. Mimi huweka nyuzi 25 au 26 na silali joto likiyumba. Kuna mwanachama alimwona tumbawe wake mweupe akasema amependeza, akaongeza taa. Vijimwani wakizidiwa na mwanga huzalisha sumu ndani ya mwenyeji wao, na ndiyo sababu mojawapo ya kufukuzwa. Taa mpya huanza chini, unapandisha kwa wiki.

Umeme ukikatika wote mnakimbilia joto. Hewa ndiyo ya kwanza. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji hushika oksijeni pungufu kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi kuliko Dar. Pampu ndogo ya hewa ya betri ni ya lazima. Inverta ije baadaye.

Wanaotaka nirudi na ndoo yenye vipande kutoka Tanga: hapana. Matumbawe wagumu wote wamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na kipande kinachong'olewa mwambani kwa panga huoza kabla ya Morogoro. Kateni walio hai kwenye matangi yenu, mpeane. Anayekua vizuri anavumilia kukatwa.

Juzi, nimesharudi pwani, yule kijana wa chumvi ya Bagamoyo akapiga simu. "Shikamoo mtaalamu. Nimewaza. Nikichanganya nusu chumvi maalumu, nusu ya mawe?" Nusu ya magnesiamu, nusu ya kalsiamu, na tumbawe mwenye nusu mfupa. Nimemwambia auze lile la lita 200, atafute la 100.